Nilivyolifasiri Shairi la Mkwaju

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili nilipomtia mtu kifungoni kwa kufasiri shairi. Sikusema uongo. Nimelirudia jambo hili moyoni kwa miaka mingi na kila mara nafika hapo hapo: yote niliyoyasema siku ile niliyaamini, na niliyasema kwa Kiingereza safi, nikiwa nimevaa shati nililolipiga pasi mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Huko bara watu walikuwa wakikamatwa kwa makundi. Kwetu kusini mambo yalikuwa shwari kwa kutazama, lakini uvumi wa viapo vya siri vya kuipinga serikali ulikuwa umefika, na watu waliacha kukaa vikundi vikundi barazani baada ya sala. Mimi nilikuwa mwalimu wa skuli ndogo ya vyumba viwili upande wa Bongwe. Kwetu hasa ni Msambweni, ambako baba yangu alikuwa akisomesha Kurani chuoni. Yeye ndiye aliyenifundisha mashairi. Alikuwa akinisomea ubeti mmoja, kisha ananiuliza, "Ndani mna nini?" Nikimjibu kwa yale yaliyosemwa tu, alininyamazia mpaka nitafute tena. Nilikua nikiamini kwamba shairi ni nyumba yenye chumba cha ndani, na anayebaki ukumbini hajaingia.

Huyo niliyemfunga alikuwa fundi wa mti. Alichonga vinu, michi, mizinga ya nyuki na mbuzi za kukunia nazi, na shamba lake lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka skuli, upande wa kuelekea pwani ya Diani. Alikuwa mtu mfupi, mkali kwa vyombo vyake, na mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili. Nilimfahamu kwa sababu alikuja kutengeneza madawati yetu. Siku hiyo nilikuwa nasomesha shairi lililotaja mti, yeye akiwa nje na randa yake. Wanafunzi walipotoka, alisimama mlangoni.

"Mwalimu, huo mti wa kwenye shairi ni mti gani?"

"Si mti, mzee. Ni mfano."

"Sawa. Mfano wa mti gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alingoja jibu, na alipoona sina, akarudi kwenye kazi yake. Nilimhesabu kuwa mtu mwema asiyekuwa na elimu, na hapo nilikosea mara mbili, kwa sababu alikuwa ameisoma Kurani yote, na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Baadaye nilipata kwenda kwake mara mbili tatu kuchukua vitu vya skuli, nikamwona anavyofanya kazi. Kabla ya kukata mti aliushika kwa kiganja, akasoma bismillahi, akakaa kidogo. Nilimuuliza anangoja nini. Akaniambia hangoji kitu. Mtu, alisema, hawezi kuingia tu nyumbani kwa mwenziwe na shoka. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mkwaju mkubwa ambao hakuwahi kuugusa kwa chombo chochote. Chini yake palifagiliwa kila asubuhi. Mkewe ndiye aliyefagia. Niliona, na sikuuliza.

Mwaka huo iliamuliwa kwamba barabara ya kwenda ufukweni ipanuliwe, maana Wazungu walikuwa wameanza kujenga nyumba za mapumziko huko. Wapimaji walipita wakiupaka chokaa nyeupe kila mti uliotakiwa kukatwa. Mkwaju ule ulipakwa. Fundi alikwenda kwa mkuu wa mtaa mara mbili kuomba barabara isogezwe kidogo tu. Aliambiwa mstari umeshapigwa.

Asubuhi wakata miti walipofika walikuta karatasi imefungwa kwenye shina kwa kamba ya usumba wa nazi. Ilikuwa imejaa herufi za Kiarabu. Msimamizi wao alikuwa mtu wa mbali, hakuweza kuisoma, akaogopa. Huenda alidhani ni uchawi, au alidhani ni mambo ya viapo. Aliipeleka kwa Mzungu kijana wa usalama aliyekuwa amepiga hema karibu na barabara, naye akauliza ni nani hapa jirani anayejua herufi hizi na Kiingereza pia. Wakanitaja mimi.

Askari alikuja kuniita darasani. Sitaki kusema kwamba niliogopa. Nilifurahi. Wanafunzi walinitazama nikiondoka, nami nikatembea mbele ya askari badala ya nyuma yake.

Hemani palikuwa na meza, viti viwili na joto jingi. Fundi alikuwa ameketi chini nje, kwenye kivuli cha turubai, hajafungwa pingu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na nikaona amefarijika kuniona. Yule Mzungu alinipa karatasi. Niliisoma kimya kwanza, kisha kwa sauti. Zilikuwa beti mbili, na mpaka leo ninazo kichwani:

Mti wangu nakulia, wameshashika mashoka,
Kesho watakufikia, na shina litakatika,
Amana nilokutia, chini imehifadhika,
Watatu walotulia, siku moja watazuka.

Gome lako nilitwaa, homa iliponiwaka,
Mwaka ulokuja njaa, kwa tunda ukanishika,
Leo mimi nimekaa, wewe waja kuanguka,
Sote wawili jamaa, ni nani wa kukuzika?

Jambo la kwanza lililonijia ni wivu. Sikujua kwamba mchonga vinu angeweza kutunga hivi. La pili lilikuwa ile sauti ya baba yangu: ndani mna nini?

Nikamgeuzia Mzungu maneno yote kwa Kiingereza, mstari baada ya mstari. Alikuwa akiandika. Alipofika mwisho akaniuliza, "Hili ni shairi la mti tu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema, ndiyo, ni shairi la mti. Au ningesema sijui, ngoja nimuulize mwenyewe, yuko hapo nje. Badala yake nilitabasamu. Nilimweleza kwamba katika mashairi yetu mti si mti. Nilimwambia watunzi wetu hupenda kuficha, na kwamba msomaji mjuzi hutazama neno lililofichwa. Mti, nikasema, kwa kawaida huwa ni ukoo, au nchi. Anayeshika shoka ni mwenye nguvu. Nilikuwa nazungumza kama niko mbele ya wakaguzi wa elimu. Yeye aliacha kuandika, akanitazama kwa makini, na nikazidi.

"Na hiyo amana iliyo chini?"

"Amana ni kitu ulichopewa ukitunze kwa siri mpaka siku yake."

"Kitu gani?"

"Yaweza kuwa ahadi. Yaweza kuwa kiapo."

Neno hilo nililitoa mwenyewe. Hakunilazimisha mtu.

"Na hawa watatu ambao watainuka siku moja?"

Hapo kweli nilikuwa sijui. Lakini nilikuwa nimeshajifanya mjuzi, na mjuzi hawezi kukwama kwenye mstari wa nne. Nikasema huenda ni watu waliojificha, wanaongoja wakati.

Mzungu akatoka nje, nami nikamfuata. Akaniambia nimuulize fundi amana hiyo ni kitu gani. Nilimuuliza. Yule mzee akautazama uso wangu, si wa Mzungu.

"Mwambie ni mambo ya nyumbani kwangu."

"Anataka kujua ni kitu gani, mzee."

"Mwalimu, wewe umelisoma. Si umeelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Sikutaka kuonekana sikuelewa, mbele ya hao wawili. Yeye akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akadhani nitamsemea. Nikamgeukia Mzungu nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema ni mambo yake ya siri, hataki kusema." Nilifasiri neno kwa neno, au karibu na hivyo.

Tulikwenda kuchimba siku ile ile, kabla ya adhuhuri. Askari wanne, majembe mawili, Mzungu, fundi, na mimi. Njiani fundi aliniuliza tunakwenda wapi na majembe. Nilimwambia wanataka kutazama tu. Tulipofika mkewe alikuwa uani anapepeta mchele, akasimama na ungo mkononi.

Askari wa kwanza alipopiga jembe chini ya mkwaju, pale palipofagiliwa, fundi alisema, "Hapana, hapo hapana," kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Jembe likapigwa tena. Akarudia. Jembe la tatu lilipoinuliwa, aliuchukua mchi uliokuwa umeegemezwa ukutani, mchi mpya ambao alikuwa hajaumaliza, akampiga yule askari begani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Wengine wakamwangusha, wakamfunga mikono kwa kamba, na mmoja akamkalia mgongoni. Wakaendelea kuchimba.

Hawakuchimba sana. Kiasi cha mkono kufika kiwikoni ilionekana sanda, imekuwa kama utando wa buibui, na ndani yake mifupa midogo. Fuvu la kwanza lilikuwa dogo kama kifuu cha nazi. Kando yake palikuwa na la pili, na la tatu kubwa kidogo. Wote wamelazwa kuelekea kibla.

Aliyesema ni yule mama. Hakupiga kelele. Aliuweka ungo chini, akaketi mchangani, akasema, "Hao ni wanangu."

Alieleza, akimwambia askari aliyekuwa karibu naye, wala si mimi. Mwaka wa ndui, alisema, shamba lao lilizuiliwa. Hakuna kuingia wala kutoka, na maiti hawakuruhusiwa kupitishwa njiani kupelekwa makaburini. Watoto watatu walikufa katika wiki moja. Mumewe naye alikuwa na homa. Hata hivyo mumewe ndiye aliyewachimbia, mmoja baada ya mwingine, chini ya mkwaju kwa sababu ndipo penye kivuli, na yeye mama akawaosha. Hawakuripoti, waliogopa. Ruhusa ilipotoka ya kutembea tena, hawakuona sababu ya kuwasumbua watoto.

Mzungu aliniuliza anasema nini. Nilimfasiria. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo nilipofasiri bila kuongeza kitu. Alivua kofia yake. Akasema wafukiwe vizuri, na akaniambia mimi, kwa upole, kwamba fasiri yangu ilikuwa na akili nyingi.

Fundi alikuwa bado amelazwa kifudifudi. Shavu lake lilikuwa mchangani na macho yake yalikuwa kwangu. Sikuweza kuyakimbia, wala sikuweza kuyatazama.

Shtaka la viapo halikutajwa tena. Lakini askari alikuwa amevunjwa mfupa, na hilo lilikuwa na sheria yake. Fundi alihukumiwa mwaka mmoja na nusu, akapelekwa jela ya mbali. Wiki hiyo hiyo mkwaju ulikatwa. Vibarua wa barabara waliambiwa waihamishe ile mifupa pembeni, nje ya mstari, nao wakafanya hivyo jioni wakiwa wamechoka, bila ya mtu wa kuwasomea watoto dua wala wa kuweka alama. Mama alikuwa amekwenda kwa ndugu zake kuomba msaada. Aliporudi alikuta kisiki na udongo uliosawazishwa.

Na mimi? Miezi miwili baadaye ilikuja barua ya kunisifu, na kwa barua hiyo nilipata nafasi ya kwenda kuendelea na masomo ya ualimu. Ningeweza kuikataa. Niliikubali. Naandika hivi kwa sababu sipendi msomaji adhani kwamba toba yangu ilikuja haraka.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta amekaa kizingitini, anasuka ukili wa mkeka. Nilimpa shikamoo, akaitika, na hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Aliendelea kusuka.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Kila mtu anaongea habari ya hilo shairi. Mume wangu hakunisomea. Lilisema nini?"

Nikamsomea kwa moyo. Kwenye ubeti wa kwanza mikono yake ilisimama. Kwenye wa pili alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Hilo gome ni kweli," akasema. "Nililichemsha mimi. Na mwaka wa njaa tulikunywa uji wa ukwaju mpaka meno yakatufa ganzi. Ila huo mti, tulikuwa hatuna jirani mwingine." Kisha akaniuliza, "Sasa wewe ulikuta nini humo cha kuwaambia?"

Nilimwambia nilidhani ni fumbo.

"Fumbo la nini? Mtu alikuwa analia."

Nilikwenda masomoni, nikarudi. Fundi alitoka kifungoni msimu wa kaskazi, amekonda, na kifua chake kilikuwa kikikwaruza kila akivuta pumzi. Nilikaa siku tatu nikijipa moyo. Siku ya nne nikaenda. Alikuwa uani, hachongi kitu. Vyombo vyake vilikuwa vimeliwa na kutu na hakuvigusa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Umerudi salama?"

Nilianza maneno niliyoyaandaa. Aliyasikiliza kidogo, kisha akainua ule mkono wenye vidole vitatu kunizuia.

"Ulisoma vizuri," akasema. "Hukukosa herufi hata moja. Ningekuwa nimeandika vibaya, ungekuwa na udhuru." Akakohoa mpaka akainama. Alipotulia akasema, "Sitaki maneno. Ninataka unisaidie kitu. Wewe ulikuwepo huku walipohamishwa. Nitafutie wanangu wako wapi."

Tulikwenda pamoja. Barabara ilikuwa imeshatengenezwa, pana, imeshindiliwa, na kisiki nacho kilikuwa kimeng'olewa. Alianzia kwenye kisima chake, akahesabu hatua kuelekea palipokuwa na mkwaju, mimi nikimfuata. Alisimama katikati ya barabara. Gari la matofali lilipita, tukalipisha, kisha akarudi pale pale. Kutoka hapo tulitafuta pande zote mbili. Nilichimba kwa jembe nililolibeba, mahali hapa na pale, kila aliponionyesha. Nilipata mizizi. Mizizi ilikuwa mingi, bado mibichi ndani, na kila nilipoikata harufu yake ilipanda. Yeye aliiokota ile niliyoikata, akaitia mfukoni mwa kanzu. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, na kesho yake, na siku ya tatu. Niliwauliza vibarua waliobaki Ukunda. Mmoja alisema waliwazika upande wa baharini, mwingine alisema upande wa bara. Siku ya tatu mikono yangu ilikuwa imetoka malengelenge, na mzee akasema basi.

"Pengine wako chini ya barabara," nikasema, na nikajuta papo hapo.

"Pengine," akasema.

Alisimama hapo akasoma Fatiha, akielekea kibla, bila kujua kama wako mbele yake au nyuma yake. Mimi nilisoma pamoja naye. Tulirudi kwake, na alipofika mlangoni aliniambia nisije tena mpaka aniite. Hakuniita.

Alifariki kabla ya masika. Habari ilinifikia darasani. Nilikwenda, nikakuta watu wengi kuliko nilivyotarajia, wakulima wa Bongwe na wavuvi kadhaa waliowahi kununua mizinga na vinu kwake. Nilijipenyeza kwenye jeneza nikabeba, nikabadilishana na wengine, nikarudi kubeba tena. Alizikwa makaburini, miongoni mwa Waislamu, mahali panapojulikana. Mtu mmoja alinong'ona kuuliza kama mimi ndiye yule mwalimu, na mwenziwe akamwambia anyamaze.

Nilikwenda kumpa mkono wa tanzia mjane kwa kupitia kwa kaka yake, kwa kuwa alikuwa ameingia eda. Kaka mtu aliingia ndani akatoka. Akaniambia, "Amekusikia." Nilivaa viatu nikaondoka. Eda ilipokwisha alihamia Shimoni kwa dada yake, na lile shamba likauzwa.

Nimesomesha mashairi miaka thelathini baada ya hapo. Wanafunzi wangu walikuwa wepesi wa kufasiri, kama nilivyokuwa, na wakaguzi waliwapenda kwa hilo. Sikuwakataza. Lakini sikulisomesha shairi lile hata mara moja, wala sikumwandikia mtu yeyote habari yake mpaka leo hii.